Maji Maangavu na Maji ya Kijani: Mji Uchague Vipi Mtambo wa Majitaka

Mhudumu wa mabwawa ya majitaka aliniwekea chupa mbili juu ya ukuta wa zege, zile za lita moja na nusu, zimebanduliwa karatasi. Moja ilikuwa na maji maangavu, ungeona vidole vyake upande wa pili. Ya pili ilikuwa ya kijani, kama maji yaliyochemshiwa kisamvu. "Haya kaka," akaniambia, "hii imetoka kwenye mtambo wa kisasa wa hoteli moja. Hii nimechota hapa kwetu, bwawa la mwisho. Una bustani ya mchicha. Unamwagilia ipi?"

Nikanyooshea kidole ile maangavu. Akacheka. Akasema kila mgeni huchagua hiyo, na wakubwa wanaokuja na msafara wa magari nao huchagua hiyo hiyo.

Kwa hiyo kosa silo langu peke yangu. Mitambo ya majitaka huchaguliwa kwa macho na kwa pua: unaong'aa unaonekana bora kuliko bwawa lenye ukoko juu. Lakini mto hudhurika na vitu ambavyo jicho halivioni, na kila mtambo una vile unavyovimudu na vile unavyoviachia vipite. Kabla ya kuuliza bei, lazima ujue ni kipi kati ya hivyo kinaumiza mto wako.

Ndoo ya majitaka ya nyumbani ni maji karibu yote. Uchafu wenyewe haufiki hata asilimia moja. Ila hiyo sehemu ndogo imebeba mambo manne tofauti. Kuna mabaki ya chakula na kinyesi, ambayo ni chakula cha bakteria. Kuna mchanga na tope. Kuna vijidudu vya magonjwa na mayai ya minyoo. Na kuna naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea. Mtambo unaweza kumaliza la kwanza vizuri kabisa na usiguse la tatu. Hapo ndipo chupa ile ilipoanza kunidanganya.

Tuanze na la kwanza, maana ndilo linaloua samaki. Bakteria wakila mabaki hayo huvuta oksijeni iliyomo majini. Kiasi watakachovuta kwa siku 5 ndicho kipimo ambacho wahandisi hukiita BOD. Ukipenda, kiite njaa ya maji. Mtu mmoja katika nchi zetu hutoa njaa ya takriban gramu 40 kwa siku. Sasa, maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 28, lita moja ya maji masafi ina miligramu 7.8 tu. Piga hesabu. Uchafu wa mtu mmoja wa siku moja unatosha kumaliza oksijeni yote ya tangi jeusi la lita 5,000, lile unaloliona juu ya paa za watu. Mtaa wa watu 10,000 unahitaji matangi 10,000 kama hayo kila siku, na mto hauna.

Mtu akikuambia mto ni mzima kwa sababu bado una kambare, mwulize kama una samaki wengine. Kambare hupanda juu kuvuta hewa kama wewe. Yeye hufunga mlango wakati wenzake walishaondoka.

Mwaka 1912 Tume ya Kifalme iliyokuwa ikichunguza majitaka Uingereza ilitoa namba ambazo dunia inazitumia hadi leo: maji yanayotoka mtamboni yasizidi BOD ya miligramu 20 kwa lita, wala miligramu 30 za chembechembe. Watu wengi wamezikariri namba hizo mbili. Ya tatu wameisahau: tume ilisema hivyo kwa mto wenye uwezo wa kuyazimua maji hayo walau mara 8. Walikuwa wamepima wakaona mto ukivuka BOD ya 4 unaanza kuharibika. Chukua sehemu 8 za mto safi wenye BOD ya 2, changanya na sehemu 1 ya maji ya mtambo yenye 20, gawa kwa 9. Unapata 4 kamili. Ile 20 haikushuka kutoka mbinguni. Ilikokotolewa kutoka kwenye mto. Nchi nyingi zikabeba 20 na 30, zikaiacha 8 ilipokuwa.

Kanuni za Tanzania za 2007 zinataka BOD isizidi 30. Za Kenya za 2006 zilitaka vilevile. Ni namba nzuri kwa mto wenye maji. Lakini tuseme una mto wenye BOD ya 3 unaopitisha lita 2,000 kwa sekunde wakati wa masika, na mtambo wako unamwaga lita 100 zenye BOD ya 30, kama sheria inavyotaka. Mto unafika 4 na kidogo. Hewala. Rudi Septemba, mto uleule umebaki na lita 200. Mtambo haujabadilika, cheti chake kiko ukutani, na mto sasa una 12. Hakuna aliyevunja sheria, na samaki wamekufa.

Ndiyo maana swali la kwanza kabisa, kabla ya mkandarasi hajafungua kompyuta yake, ni hili: mwezi mkavu kuliko yote, mto huu una maji kiasi gani? Mto kama Msimbazi, unaotoka milima ya Pugu na kukimbia kilomita 35 hivi hadi baharini pale daraja la Salenda, una tabia mbili. Masika unafunga barabara ya Jangwani. Kiangazi, sehemu nyingi unaruka kwa hatua mbili, na sehemu kubwa ya kinachopita ni maji yaliyokwisha kutumiwa na mtu. Mto wa namna hiyo hauna cha kuzimulia. Unachomwaga ndicho kinachokuwa mto.

Na swali la pili: huko chini, nani anayatumia maji haya? Bonde la Msimbazi lina bustani za mchicha, matembele na figili miaka nenda rudi, na mboga zile huliwa Dar es Salaam. Mkulima anayezamisha keni yake mtoni hajali sana BOD. Mchicha wake wala hauna shida na mbolea ya bure. Kinachomhusu yeye na anayenunua fungu sokoni ni lile jambo la tatu, vijidudu na mayai ya minyoo.

Hapa nirudi kwenye zile chupa, kwa sababu hesabu yake inachekesha kidogo. Majitaka mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa kinyesi milioni 10 katika mililita 100, ambazo ni chini ya nusu ya kikombe cha chai. Mtambo mzuri wa kupuliza hewa, wa aina ile ya hoteli, huondoa asilimia 90 hadi 99 ya bakteria hao. Ukisikia asilimia 99 unapiga makofi. Lakini asilimia 1 ya milioni 10 ni laki moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989, kwa mboga zinazoliwa mbichi, ulitaka wasizidi 1,000, na yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita. Mwongozo wa 2006 uliacha kung'ang'ania namba moja, ukaangalia safari nzima ya mboga, pamoja na kuosha na kupika. Hata hivyo laki moja ni laki moja. Chupa maangavu ilikuwa na laki zake humo ndani, na wala hazionekani.

Ile ya kijani ilikuwa imepita safari nyingine. Nitaieleza taratibu, kwa sababu mabwawa yanadharauliwa sana na watu ambao hawajawahi kuyatembelea wakiwa na mtu anayeyajua.

Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, mita 2 hadi 5, jeusi, lina ukoko na linatoa mapovu kama uji unaoanza kuchemka. Hakuna oksijeni humo. Tope linazama, linaoza chini, linatoa gesi. Kwa joto letu, siku moja au mbili zinatosha kuondoa zaidi ya nusu ya BOD bila kuchoma uniti moja ya umeme. Bwawa la pili ni pana, kina cha mita moja na nusu au pungufu, na hapo kijani kinaanza. Kijani hicho ni mwani. Jua linapowaka mwani hutengeneza oksijeni, bakteria huipokea na kuendelea kula uchafu. Wanalipana hivyo mchana kutwa. Mabwawa ya mwisho ni ya kina cha mita moja tu, na kazi yake ni kuua. Jua linapenya. Mwani ukila kaboni dayoksaidi, maji yanakuwa makali kama ya magadi, na bakteria wa tumboni hawauvumilii ukali huo. Siku zinapita. Mayai ya minyoo, ambayo ni mazito, yameshazama njiani. Mabwawa yaliyopangwa vizuri hutoa maji yenye bakteria 1,000 au chini ya hapo katika mililita 100, bila pampu na bila klorini. Palepale ukingoni yangeyange walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja.

Kijani kina gharama yake, tusidanganyane. Mwani ukiingia mtoni, usiku nao huvuta hewa, na ukiupima bila kuuchuja unaongeza BOD kwenye karatasi. Ulaya waliliona hilo, na agizo lao la 1991 likaruhusu maji ya mabwawa yachujwe kabla ya kupimwa. Sioni kwa nini mkaguzi wa kwetu amwandikie barua ya onyo mtu wa mabwawa kwa sababu ya mwani, halafu ampe pongezi mwenye maji maangavu ya laki moja.

Gharama kubwa zaidi ni ardhi. Kwa joto letu weka mita za mraba 1 hadi 3 kwa kila mtu. Mji wa watu 100,000 unahitaji hekta 10 hadi 30. Ukiwa na eneo la namna hiyo pembezoni, kama mabwawa ya Swaswa kule Dodoma yalivyoanza, ni rahisi. Shida ni kwamba mji husogea. Mabwawa ya Vingunguti leo yamezungukwa na nyumba, na mwenye nyumba analalamikia harufu ya bwawa lililomtangulia. Nairobi walienda mbali zaidi: mabwawa ya Dandora yako kule Ruai, mashariki mwa jiji, ni miongoni mwa makubwa barani Afrika, na bado mji umeyafuata. Maji yake huingia Mto Nairobi, unaoingia Athi, unaogeuka Galana na kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvuvi wa Malindi ni jirani wa choo cha Nairobi, ingawa hawajawahi kukutana.

Kama ardhi hakuna, unarudi kwenye ule mtambo wa kupuliza hewa. Wazo lake ni la 1914, la Edward Ardern na William Lockett huko Manchester. Walipuliza hewa kwenye majitaka hadi yakasafika kabisa, ikawachukua wiki tano. Wakayaacha yatulie, wakamwaga maji ya juu, wakabakiza tope la chini na kuliongezea majitaka mapya. Wakarudia tena na tena. Kazi ya wiki tano ikashuka hadi chini ya siku moja. Tope lile lilikuwa hai, limejaa bakteria wenye njaa waliokwishazoea kazi. Mpaka leo mitambo mingi ya miji mikubwa duniani hufanya vilevile: tangi la hewa, tangi la kutuliza, na bomba la kurudisha tope.

Uzuri wake ni kwamba unakaa kwenye kiwanja kidogo na unashusha BOD kabisa. Ukiongezwa vyumba maalumu unapunguza hata naitrojeni na fosforasi. Ubaya wake ni kwamba viumbe hai wale wanapumua kwa mashine. Nusu ya umeme wa mtambo, au zaidi, unaishia kwenye hewa. Nilishawahi kupanga kwenye jengo la ghorofa lililokuwa na mtambo wa namna hiyo chini ya maegesho. Bili ilipopanda, uongozi ukaamua mashine ya hewa izimwe usiku. Mlinzi akapewa kazi ya kuiwasha asubuhi. Siku nyingine alikumbuka. Wiki ya tatu tuliijua kwa pua, na maji meusi yalikuwa yanatoka kwenda mtaroni kupitia bomba lilelile lililopitishwa na wakaguzi siku ya uzinduzi. Fundi alipokuja alisema bakteria wote wamekufa, inabidi kuleta tope jipya kwa gari kutoka mtambo mwingine. Wapangaji tulichangishwa.

Sisemi mitambo hii haifai. Nasema ukiichagua umeajiri fundi, umenunua jenereta, na umeahidi kulipa umeme kila mwezi kwa miaka 20. Mamlaka ya maji yenye wateja wanaolipa inaweza. Mji wa wilaya unaohangaika na bili ya pampu za maji ya kunywa, siuoni ukiweza. Na ukiuweka juu ya mto wenye bustani, sharti uuongezee mkia: bwawa la mwisho la jua, au klorini. Klorini nayo haipendi maji yenye tope. Itatumika kubishana na uchafu kabla haijawafikia bakteria.

Katikati ya hizo mbili kuna njia nyingine ambazo nitazipita haraka. Kuna matangi ya mawe, maji yananyunyizwa juu na kuchuruzika katikati ya mawe yenye utando wa bakteria. Kariobangi, Nairobi, wanatumia. Yanataka umeme kidogo tu, na inzi wake ni wengi. Kuna vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete, ambavyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimevifanyia utafiti kwa miaka mingi. Kwa shule, hospitali au gereza ni chaguo zuri sana, mradi majitaka yatulizwe kwanza, vinginevyo kokoto zinaziba. Na kuna matangi yaliyofunikwa yanayoozesha tope na kukusanya gesi, kama Bugolobi, Kampala, ambako gesi hiyo huzalisha umeme wa kusaidia mtambo wenyewe.

Tusimame kidogo hapo Bugolobi, maana inaonyesha kwamba aliye chini ya mto anaweza kuwa wewe mwenyewe. Mfereji wa Nakivubo unabeba maji ya Kampala hadi kwenye kinamasi, na kinamasi hadi ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndiyo inayochotwa sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya jiji. Mafunjo ya kinamasi yalikuwa yanachuja bure. Yakalimwa magimbi, zikajengwa nyumba, maji yakatafuta mkato. Hapo hesabu inabadilika tena: ziwa halisombi mbolea kama mto unavyofanya, linaitunza. Fosforasi inayoingia inalisha mwani na gugu maji. Kwa mji unaomwaga ziwani, lile jambo la nne, ambalo kwa mkulima wa Msimbazi ni neema, linageuka kuwa la kwanza.

Lakini haya yote yanachukulia kwamba majitaka yamefika mtamboni. Dar es Salaam sehemu ndogo tu ya nyumba ndiyo iliyounganishwa na mtandao wa bomba. Wengine tuna karo au choo cha shimo. Likijaa, unaita gari la kunyonya, kama linapita mtaani kwako na kama una hela yake. Kama halipiti, unasubiri mvua. Aliyeishi bondeni analijua neno kutapisha. Saa nane usiku, mvua inapiga bati, unasikia sururu upande wa pili wa ukuta. Jirani anatoboa choo chake kwa pembeni ili mvua ichukue. Asubuhi mnasalimiana kama kawaida, shikamoo, marahaba, na hakuna anayemwangalia mwenzake miguuni.

Mtambo wa mabilioni uliojengwa kilomita 20 kutoka kwa jirani huyo haumhusu. Kwake yeye mfumo bora ni pampu ya mkono inayoingia kwenye kichochoro cha mita moja, pikipiki ya miguu mitatu yenye tangi, na kituo kidogo cha kupokea tope kilicho karibu kiasi kwamba dereva haoni faida ya kumwaga mtaroni. Vituo vidogo vya aina hiyo vimejaribiwa Dar, kikiwemo cha bonde la Mlalakua. Havipendezi kwenye picha za uzinduzi. Ukinipa fedha ya kuokoa Msimbazi na kuniambia nichague kimoja, nitaanza huko, nijenge vituo na kushusha bei ya kunyonya, kabla sijagusa mtambo mkubwa.

Kiwanda usikichanganye na hesabu ya nyumba. Damu ya machinjio ina BOD inayozidi miligramu 100,000 kwa lita. Ndoo moja ya lita 20 ina njaa ya siku nzima ya watu 50 au zaidi. Damu ikingwe palepale sakafuni, isiingie bombani kabisa. Kemikali za kiwanda cha nguo nazo zisafishwe kiwandani, kwa sababu zikifika kwa bakteria hazileti njaa, zinaleta kifo.

Halafu kuna tope. Kila mtambo, uwe wa kijani au wa kung'aa, unalizaa, na ndilo linalosahaulika kwenye zabuni. Wa kupuliza hewa hulitoa kila siku. Bwawa la kwanza hukaa kimya mwaka mmoja hadi mitatu, na ukifikiri halina gharama unalikuta limejaa theluthi, maji yanakata njia juu juu na kutoka yakiwa mabichi. Mabwawa mengi yanayosemwa yameshindwa hayakushindwa, hayakuchotwa. Na tope likichotwa bado lina yale mayai ya minyoo yaliyozama, ambayo yanaweza kukaa hai mwaka mzima na zaidi.

Mhudumu wangu alinionyesha vitanda vyake vya kukaushia, nyuma kabisa, karibu na uzio. Tope lilikuwa limepasuka vipande vipande kama ardhi ya kiangazi, na katikati ya nyufa ilikuwa imejiotea minyanya, mirefu, imebeba kweli kweli. Mbegu za nyanya hupita tumboni zikiwa salama, na kwenye mabwawa vilevile. Nikamwuliza kama wanazila.

"Za mchuzi, ndiyo," akasema. "Za kachumbari, nanunua sokoni."

Akafikiri kidogo. "Ila na huko sokoni sijui zimemwagiliwa na nini."